Duka la vifaa vya usalama kazini Shimanzi: tathmini ya mnunuzi wa maabara

Nimefanya kazi miaka tisa katika maabara ndogo ya kiwanda cha mafuta ya kupikia na sabuni upande wa Changamwe, na kwa miaka minne ya mwisho ndimi ninayeagiza vifaa vya kujikinga vya maabara pamoja na vya wenzetu wa sehemu ya kupikia sabuni. Katika muda huo nimenunua kwa wauzaji wengi wa Mombasa, wengine wakiwa na maduka yanayouza kila kitu kuanzia misumari hadi matangi ya maji, wengine wakija wenyewe kiwandani na vitabu vya picha. Tathmini hii inahusu duka moja la Shimanzi ambako nimenunua vifaa mara tano katika miezi kumi na minne. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa taratibu za ununuzi za mwajiri wangu zinamkataza mfanyakazi kumtangaza mwuzaji yeyote hadharani, lakini nitaeleza kwa kirefu walichoniuzia, walichokataa kuniuzia na walipokosea, ili anayekwenda kununua bidhaa za aina hii, iwe ni Shimanzi, Ganjoni au Mwembe Tayari, ajue la kuuliza.

Duka lenyewe si kubwa. Ni chumba kimoja kirefu chenye kaunta mbele, na nyuma yake stoo iliyofungwa yenye kipoza hewa, ambamo jua haliingii. Hakuna helmeti wala ovaroli iliyotundikwa barazani, na jambo hili, ambalo mara ya kwanza nililiona kama upungufu wa kutangaza biashara, sasa nalihesabu kuwa la kwanza katika sifa zake. Nitalirudia baadaye.

Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta barakoa. Katika maabara yetu tunatumia heksani kutoa mafuta yaliyosalia kwenye mashudu ili tuyapime, na asetoni kukaushia vyombo vya kioo. Wenzangu wawili walikuwa wakilalamika kuumwa na kichwa kila alasiri. Mwuzaji tuliyekuwa naye zamani alituletea barakoa nyeupe za vumbi, zile za kukunjwa, nasi tulizivaa kwa imani kamili. Mzee anayekaa kaunta ya duka hili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni mvuke wa kitu gani, tunakitumia kwa kiasi gani kwa siku, chumba kina madirisha mangapi, na kama tuna kabati la kuvutia mvuke. Nilipomjibu kuwa tunalo, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Binti yangu, mara ya mwisho mlipopima kama linavuta ilikuwa lini?”

Kabla sijajibu alinieleza jambo ambalo mimi, mwenye stashahada ya kemia, nilipaswa kulikumbuka mwenyewe. Barakoa ya vumbi huzuia chembe, na mvuke si chembe, kwa hiyo hupita katika kitambaa chake pamoja na hewa inayovutwa. Kinachonasa mvuke ni kichujio chenye mkaa ulioamilishwa, na hata mkaa huo haufanyi kazi sawasawa kwa kila kitu. Katika mfumo wa Ulaya, kichujio cha aina A, chenye utepe wa kahawia, ni cha mvuke wa vitu vya kikaboni, yaani vyenye kaboni kama petroli na viyeyusho vingi, vinavyochemka katika nyuzijoto zaidi ya 65. Heksani huchemka karibu na nyuzijoto 69, kwa hiyo imo. Asetoni huchemka katika nyuzijoto 56, kwa hiyo haimo, na inahitaji kichujio cha aina AX, ambacho hutumika kwa zamu moja tu kisha hutupwa. Vimiminika viwili vilivyo kwenye meza moja, kila kimoja na kichujio chake, na sisi sote tulikuwa tumevaa kitambaa cha vumbi.

Rangi nazo zina mtego ambao kila mnunuzi wa Mombasa anapaswa kuujua. Bandari yetu hupokea mizigo kutoka pande zote za dunia, na kwa sababu hiyo katika rafu moja ya mji huu utakuta vichujio vilivyotiwa rangi kwa mfumo wa Ulaya vikikaa pamoja na vya mfumo wa Marekani, ilhali rangi ileile haina maana ileile. Nyeupe ya Ulaya ni ya vumbi, na nyeupe ya Marekani ni ya gesi za asidi. Njano ya Ulaya ni ya gesi kama dioksidi ya salfa, na njano ya Marekani ni ya gesi za asidi pamoja na mvuke wa vitu vya kikaboni. Mvuke wa vitu vya kikaboni peke yake, ambao Ulaya ni kahawia, Marekani ni mweusi. Kijani kwa bahati njema ni amonia kote kuwili. Duka hili limetenga mifumo hiyo miwili katika kabati mbili tofauti na kubandika chati ukutani, nami nimeona mteja akizuiwa kuchanganya. Katika maduka mengine mawili niliyopita wiki ileile, vichujio vilikuwa katika kikapu kimoja, na muuzaji alichagua kwa kuangalia kipi kitaingia kwenye barakoa niliyoshika.

Nilirudi kazini bila kununua kitu. Tulibandika ukanda mwembamba wa karatasi ya shashi kwenye ukingo wa chini wa kioo cha kabati, tukawasha feni, na karatasi ikaning’inia wima kana kwamba hakuna kilichowashwa. Fundi wa kiwanda alipopanda juu alikuta mkanda wa feni umelegea na sehemu ya bomba la kutolea hewa imeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Kasi ya hewa inayotarajiwa kwenye mdomo wa kabati kama hilo ni karibu nusu mita kwa sekunde, na letu lilikuwa halivuti chochote. Baada ya matengenezo, na baada ya kuhamishia kazi yote ya heksani na asetoni ndani ya kabati, sentimita 15 nyuma ya ukingo wake, maumivu ya kichwa yaliisha. Nilikuwa nimekwenda Shimanzi na fedha za barakoa sita. Hatimaye nilinunua mbili, za kusafishia kemikali inapomwagika.

Hilo ndilo linalonifanya nilisifu duka hili kwa sauti. Katika usalama kazini, kinga hupangwa kwa daraja: kwanza kuiondoa hatari yenyewe, kisha kukibadilisha kitu hatari kwa kilicho afadhali, kisha kuitenga hatari kwa mitambo, kisha kupanga kazi na kuwafunza watu, na mwisho kabisa ndipo vinapokuja vifaa vya kuvaliwa mwilini. Mfanyabiashara anayeishi kwa kuuza vitu vya daraja la mwisho, naye akakurudisha kwenye daraja la tatu, amekupa kitu ambacho hakimo kwenye risiti. Kuna wanaosema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kwamba barakoa ya vumbi ni afadhali kuliko uso mtupu. Kwa mvuke sikubaliani nao hata kidogo. Mwenye uso mtupu husikia harufu akatoka nje, ilhali aliyevaa barakoa isiyofaa hubaki pale pale akiamini amekingwa.

Jambo la ndevu linahitaji kusemwa kwa heshima, kwa kuwa katika mji wetu wanaume wengi wamezifuga kwa ajili ya dini yao. Barakoa ya kubana uso hufanya kazi pale mpira wake unapogusa ngozi, na ndevu, hata za siku chache, hufungua njia ndogo ambazo hewa chafu huzipenda kuliko kupita kwenye mkaa. Nimewahi kumwona msimamizi mmoja akimwamuru kijana anyoe au aache kazi. Huku Shimanzi, nilipomweleza Mzee kuwa mwenzetu wa sehemu ya sabuni ana ndevu, hakumgusia kunyoa. Alinionyesha kofia pana inayofunika kichwa chote hadi mabegani, yenye pampu ndogo ya betri inayovaliwa kiunoni na kusukuma hewa iliyochujwa ndani yake, ambayo haihitaji kubana uso. Bei yake ni kubwa, na ilimchukua meneja wetu miezi mitatu kuikubali, lakini mwenzetu yumo kazini na ndevu zake zipo.

Sasa nirudi kwenye ile stoo yenye kipoza hewa. Watu wengi hudhani kwamba kifaa cha usalama kisichotumika hakizeeki. Hapa Pwani, hasa katika miezi ya kaskazi, kinazeeka kikiwa ndani ya boksi lake. Miaka mitatu iliyopita kiwanda kilinunua viatu vya usalama jozi ishirini kwa bei nafuu, tukavigawa kumi na kuweka kumi stoo. Msimamizi wa zamu alipovitoa vile kumi baada ya muda mrefu na kuvaa jozi moja, soli ilimeguka siku ya kwanza kama mkate mkavu, na makombo yake meusi yakafuata nyayo zake kutoka lango hadi ofisini. Sababu yake inajulikana: soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu ukikutana na joto huvunja polepole viungo vya kemikali vinavyoshikilia poliyurethani pamoja. Kiatu kisichovaliwa huharibika vilevile, na pengine haraka zaidi, kwa sababu unyevu ulioingia hautikiswi wala kukamuliwa na mwendo.

Duka hili huandika tarehe ya kuwasili juu ya kila boksi la viatu, huuza la zamani kwanza, na huondoa kabisa yaliyopitisha muda waliojiwekea. Nilipoomba viatu vya sehemu ya sabuni, ambako sakafu huwa na maji na kostiki ya moto, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, walinielekeza kwenye buti ndefu za mpira zenye kikombe cha chuma vidoleni. Kikombe hicho, kwa kiwango cha viatu vya usalama cha EN ISO 20345, hupimwa kwa pigo la jouli 200, ambalo ni sawa na kitu cha kilo 20 kuanguka kutoka urefu wa takribani mita moja. Kijana wa duka aliongeza agizo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwuzaji: suruali ivaliwe juu ya buti, isiingizwe ndani, ili kostiki ikimwagika iteremke nje badala ya kujikusanya kwenye soksi. Tulikuwa tumezoea kuingiza suruali ndani kwa kuwa tuliona ndiyo nadhifu.

Helmeti nazo huharibiwa na jua, na ndiyo maana kuzitundika barazani ni kuziua kabla hazijauzwa. Ukiigeuza helmeti, chini ya ukingo wake wa mbele utaona duara dogo kama saa, lenye namba za miezi pembezoni, mwaka katikati na mshale unaoonyesha mwezi ilipotengenezwa. Ombeni kuisoma kabla ya kulipa. Humu nilizozisoma zote zilikuwa za mwaka uliotangulia au mwaka huohuo.

Kwa upande wa glavu, siku hiyo nilijifunza kuacha kuuliza “glavu nzuri ni zipi”. Swali hilo halina jibu mpaka useme unashika nini. Glavu nyembamba ya nitrili, aina ya mpira wa viwandani, huvumilia heksani vizuri lakini asetoni huipenya kwa muda mfupi sana, na kwa asetoni inayofaa ni ya mpira wa butili. Wanaofanya kazi maabara watakumbuka kisa cha Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth nchini Marekani, ambaye mwezi wa Agosti 1996 alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu ya lateksi, naye alikuwa amefuata taratibu zote zilizojulikana wakati huo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa kimiminika kile hupita katika glavu ya aina ile kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Sisi hatushiki zebaki ya aina hiyo, lakini kisa chake ndicho ninachowasimulia vijana wa mafunzo ninapowaona wakitumia glavu moja kwa kila kazi. Duka lina jedwali la glavu na kemikali, nakala ambayo walinipa bure, na nimeibandika juu ya sinki.

Nakuja kwenye bomba la kuoshea macho, na hapa lazima niseme walipokosea, kwa kuwa kosa lenyewe linaweza kumpata yeyote hapa mjini.

Kostiki jichoni ni mbaya kuliko asidi nyingi. Asidi mara nyingi hugandisha protini za juu ya jicho na kwa kiasi fulani hujizuia yenyewe kuendelea, lakini alikali kama kostiki huyeyusha na kuzama, na kila sekunde inayopita bila maji ni sehemu ya uoni inayopotea. Kiwango cha Marekani kinachotumiwa sana, ANSI Z358.1, kinataka mtu aweze kulifikia bomba ndani ya sekunde 10, maji yatoke mfululizo kwa dakika 15, yasipungue takribani lita 1.5 kwa dakika, na joto lake liwe kati ya nyuzi 16 na 38. Vichupa vidogo vya kuoshea macho, ambavyo maduka mengi huviuza kana kwamba vinatosha, humaliza maji yake kabla dakika 15 hazijakaribia. Ukizidisha mwenyewe utaona unahitaji zaidi ya lita 22 kwa jicho tu, bila uso. Mzee alinieleza haya yote, akaniuzia bomba la kuunganishwa ukutani, na akaniahidi fundi wake atakuja kulifunga kwa gharama yao.

Fundi alikuja siku iliyoahidiwa na kufanya kazi safi. Lakini kama viwanda vingi vya Mombasa, ambako maji ya bomba hayaji kila siku, sisi hutegemea tangi jeusi lililo juu ya paa, na hapo ndipo alipoliunganisha. Wiki iliyofuata nililijaribu saa saba mchana, nikaweka kipimajoto, nikakuta nyuzi 46. Maji hayo hayawezi kuvumilika machoni kwa dakika moja, seuze kumi na tano, na mtu aliyeumia atarudisha uso nyuma, jambo litakalomgharimu. Nilipiga simu dukani nikiwa na hasira. Hawakubishana. Mzee mwenyewe alikuja kesho yake, akaweka mkono kwenye maji, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hili ni letu.” Waliweka tangi jipya jeupe la lita 250 ndani ya jengo, kwenye kivuli, kwa ajili ya bomba hilo peke yake, wakanitoza bei ya tangi bila ya ufundi. Sasa maji hutoka yakiwa na nyuzi 29 au 30 hata wakati wa joto kali. Ningependa wangeuliza swali la tangi kabla ya kufunga, kama walivyouliza maswali ya mvuke kabla ya kuuza barakoa, na nimewaambia hivyo. Aliye na bomba la macho lililounganishwa na tangi la juu ya paa, tafadhali alifungue leo saa saba mchana na aweke mkono wake. Kisha alifungue kila wiki, maana maji yaliyolala kwenye bomba hukusanya kutu na uchafu, na matone ya kwanza ndiyo yatakayoingia jichoni.

Miwani ya kinga sina mengi ya kusema isipokuwa hili: katika unyevu wetu, miwani ya kufunika macho hujaa ukungu, na mfanyakazi asiyeona huivua. Tafuteni herufi N kwenye kioo, ambayo katika kiwango cha Ulaya cha EN 166 huonyesha kuwa kinahimili ukungu, na namba 3 kwenye fremu, inayoonyesha kinga dhidi ya matone. Tangu tulipobadilisha, sijamwona mtu kaiweka kwenye paji la uso.

Makoti ya maabara yao ni ya pamba tupu, yenye vifungo vya kubonyeza vinavyofunguka kwa mvuto mmoja. Mwaka 2008, katika chuo kikuu cha UCLA huko California, Marekani, msaidizi wa utafiti Sheri Sangji alishikwa na moto alipokuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe hewani. Hakuwa na koti la maabara, na sweta aliyovaa ilikuwa ya nyuzi za viwandani. Alifariki wiki chache baadaye, Januari 2009. Kwa sisi wanawake tunaovaa mtandio kazini, somo ni lilelile: mtandio wa pamba, ncha zake ziingizwe ndani ya koti, wala si wa nailoni unaoyeyuka na kugandamana na ngozi. Duka hili ndilo la kwanza nililoliona likiuza vifuniko vya kichwa vya pamba vyenye kubana shingo, vilivyoshonwa na fundi wa hapa hapa mjini, na binti wa kaunta alinieleza bila haya jinsi ya kuvivaa chini ya helmeti pasipo kulegeza mikanda yake.

Nilipenda pia kwamba walinishauri kununua makoti mawili kwa kila mtu na kabati la kuyaacha kazini, ili pasiwe na koti linalofuliwa nyumbani. Watu wa Mombasa hawahitaji kutafutiwa mfano wa mbali. Kule Owino Uhuru, katika eneo la Jomvu, wakazi walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilichokuwa jirani nao, na Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Vumbi la risasi halikai pale linapozalishwa. Hupanda nguo, viatu na nywele, na mfanyakazi anayemkumbatia mwanawe akiwa bado na ovaroli amemfikishia sumu nyumbani.

Mitungi ya kuzimia moto wanauza na kuihudumia. Kwa maabara walipendekeza wa gesi ya kaboni dioksidi karibu na mizani na vifaa vya umeme, kwa sababu unga huvitafuna, na wa unga mlangoni. Ninachowasifia ni huduma. Mtungi wa kaboni dioksidi hauna saa ya kuonyesha mgandamizo, kwa hiyo njia ya kujua umejaa ni kuupima uzito, na wao huupima mbele yako na kuandika uzito huo kwenye kibandiko. Huko nyuma tulikuwa na mtoa huduma aliyekuja kila mwaka, akibandua kibandiko cha zamani na kubandika kipya bila kuugusa mtungi. Tuligundua siku ya mazoezi, mitungi miwili ilipotoa pumzi ya sekunde mbili ikanyamaza.

Upungufu wao nao upo, na sitaufunika. Saizi za wanawake ni tabu: glavu namba 6 na buti namba 37 nimezisubiri wiki sita, na katika muda huo mwenzangu alifanya kazi na glavu zinazopwaya, jambo ambalo ni hatari kwenye mashine inayozunguka. Vifaa vya masikio ni vichache mno kwa duka lililo katikati ya viwanda, ilhali kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane na karakana nyingi za hapa hupita hapo. Hawana huduma ya kupima kama barakoa imekaa sawasawa usoni, wakati barakoa waliyoiuza haina maana bila kipimo hicho. Karatasi za usalama za kemikali, zenye sehemu zake 16, na maelekezo ya vifaa vyote ni kwa Kiingereza tupu, na nilipouliza tafsiri niliambiwa hakuna aliyewahi kuiomba. Nimewaandikia mimi mwenyewe kadi za Kiswahili za vitu vitano tunavyovitumia sana, hasa sehemu ya huduma ya kwanza, na wamekubali kuzichapisha na kuwapa wateja wengine. Wafanyakazi wanaomimina kostiki ndio wanaopaswa kuelewa kilichoandikwa kwenye pipa kabla ya meneja.

Bei zao ziko juu ya maduka ya kawaida kwa takribani robo. Kwa hesabu yangu, viatu vinavyodumu miaka miwili vimeshinda vile vya nusu bei vilivyomeguka siku moja, lakini najua fundi wa jua kali asiye na mwajiri wa kumlipia atalihisi gharama hiyo. Nilimwona mmoja, mchomeleaji wa mageti, akitaka miwani myeusi ya kawaida. Mzee alimkatalia, akamweleza kuwa uchomeleaji wa umeme unahitaji kioo cha giza namba 10 au zaidi na ngao ya uso mzima, kisha akamkubalia alipe kwa awamu tatu. Sijui kama hufanya hivyo kwa kila mtu, ila hilo niliona kwa macho yangu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama. Kama mnayo, mtume mjumbe wa kamati aandamane na ofisa wa ununuzi, maana huyu anajua bei na yule anajua kazi. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, wakati Mzee yuko kaunta mwenyewe, na mchukue karatasi ya usalama ya kila kemikali mnayoitumia, kwani hiyo ndiyo atakayoiomba kabla ya kufungua kabati lolote.